Bomba Linalotekenya

Jumapili, 3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako wewe unayening'inia huko juu ya minara ya umeme kama popo. Umekula? Usinidanganye.

Naandika kwa mkono kwa sababu kambini kwenu hakuna mtandao, na isitoshe simu yangu iko kwa fundi. Usiulize ina nini, imezeeka tu. Nimeambiwa barua ikiachwa posta wanaipeleka bohari, na lori la chakula linakupandishia. Ukiikuta ina harufu ya vitunguu, ujue ilisafiri na nani.

Nyumba tuliyopanga ni nzuri kuliko bweni. Tuko watatu. Mmoja tunamwita Mrefu, anasomea hoteli, na kila asubuhi anapiga pasi sare yake mpaka unaweza kujikata nayo. Wa pili tunamwita Waziri, kwa sababu ndiye Waziri wa Fedha wa nyumba. Kila mwisho wa mwezi tunampa fungu letu, anakwenda kulipa kodi, maji na umeme. Hata ufunguo wa kile kisanduku cha barua cha getini anao yeye, ili bili zisipotee. Kaka, ungempenda. Ni mcheshi huyo! Unaweza kwenda kumdai kitu umenuna, ukarudi chumbani unacheka, mikono mitupu.

Sasa sikiliza. Wiki ile nyingine walikuja watu wa umeme wakatukatia. Nilisimama pale na sahani ina povu, nawaambia tumelipa, wananitazama kama mtu anayewapigia hadithi. Waziri aliporudi alicheka sana. Akasema ni makosa ya kompyuta zao, atakwenda kuwasema. Tukakaa gizani. Kisha Jumamosi akaja bwana mmoja na ngazi, hana sare, hana gari la shirika, ana mfuko wa shule begani. Waziri akampikia chai. Yule bwana akapanda nguzo ya nje, akashuka, akaenda uani, akaingia bafuni, akatoka. Nilimuuliza kama ana mkanda wa kujifungia kama wenu, akanicheka. Saa sita mchana taa zikawaka na Mrefu akapiga vigelegele.

Mimi sikupiga. Tangu siku hiyo, nikisikia gari linasimama nje, nachungulia dirishani. Usiku nazima taa mapema ili nyumba isionekane. Ukiniuliza naogopa nini hasa, nitakwambia siku nyingine.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Tangu yule bwana aondoke, bomba la bafuni linatutekenya. Haki ya Mungu! Ukilishika ukiwa umelowa, unasikia kitu kinatembea kwenye vidole mpaka kiwikoni, hasa asubuhi. Mrefu anasema lina mapepo. Mimi nimewaambia wasitie watu aibu, kaka yangu ni fundi wa umeme mkubwa, nitamuuliza.

Basi nakuuliza. Mwambie dereva wa lori asizikalie barua.

Mdogo wako,
Chiriku


Ijumaa, 8 Machi
Kambini

Chiriku,

Barua yako nimeisoma mara moja nimekaa, mara ya pili nimesimama. Salamu zako nitazijibu siku nyingine. Sasa hivi fanya ninayokwambia, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Msiguse bomba hilo. Si wewe, si Mrefu, si mgeni. Msioge humo ndani, msiteke maji humo. Chukua nguo zako, nenda ukalale kwa mwanafunzi mwenzako yeyote.

Bomba haliwatekenyi. Huo ni umeme.

Nakueleza ili usinione nakutisha. Umeme ukiingia nyumbani lazima uwe na njia ya kurudi, na mita huhesabu unapopita. Huyo bwana wenu wa mfuko wa shule ameliibia shirika. Amevuta waya wa moto kutoka nguzoni bila kuupitisha kwenye mita, na njia ya kurudi ameifunga kwenye bomba lenu la maji. Mkiwasha pasi, umeme unaotoka kwenye pasi unashuka bombani kwenda ardhini. Ndiyo maana asubuhi ni zaidi: Mrefu anapiga pasi. Leo unasikia mtekenyo tu kwa sababu bomba ni la chuma na limelala kwenye udongo wenye unyevu, kwa hiyo umeme mwingi unapata pa kwenda. Siku udongo ukikauka, au mtu akilikata hilo bomba mahali, utakosa pa kwenda. Utamtafuta anayeoga.

Swichi kuu ya ukutani msiiamini. Sijui mtu huyo amepitisha waya wake wapi. Mnaweza kuizima na bomba likabaki na umeme.

Nenda shirika la umeme uwaambie waje wakate kwenye nguzo. Watawapiga faini, najua. Na wapige. Nitalipa mimi, nitakopa kambini, sijali. Nilishapanda mnara siku moja kumshusha mtu niliyekuwa nakula naye sahani moja. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Nijibu siku hiyohiyo utakayoipata hii. Neno moja tu: nimetoka.

Kaka yako


Jumatano, 13 Machi
Kambini

Chiriku,

Lori limepanda leo. Nimeshuka mnarani mbio mpaka msimamizi akanigombeza. Dereva kaleta maharage, kaleta misumari, barua yangu hakuna.

Labda umehamia kwa rafiki na hukupata nafasi ya kuandika. Najiambia hivyo. Wenzangu nao wananiambia hivyo, kisha wanatazamana.

Kama ya kwanza haikufika, narudia: msiguse bomba la bafuni. Lina umeme. Toka kwenye nyumba hiyo.

Usiku silali, mdogo wangu. Nikifumba macho nakuona umeshika sabuni.

Niandikie hata kama umenikasirikia.

Kaka yako


Jumapili, 17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mbona kimya? Nilikuandikia tangu mwanzo wa mwezi, na wewe si mtu wa kuninyamazia. Au ndiyo umeshaoa mtu huko porini na hutaki tujue? Mwenzio natania lakini machozi yako karibu.

Nina mambo ya kukwambia na nikianza kupamba sitayasema. Simu haiko kwa fundi. Niliiuza. Mwezi wa kwanza Waziri alisema pesa ya umeme imepungua kidogo, nikaiuza kuziba pengo, na pengo halikuzibika. Halafu jambo la pili, hili ndilo linaloninyima usingizi: mkataba wa umeme uko kwa jina langu. Siku tunahamia walitaka mtu mmoja asaini, Waziri akasema mwenye mwandiko mzuri asaini, wote wakanitazama, nami nikajiona wa maana. Kwa hiyo yule bwana wa ngazi, kama alichofanya ni wizi, basi mwizi ni mimi. Watakuja hapa waniulize jina, nitataja lilelile lililoko kwenye karatasi yao. Chuo kitanifukuza. Mama atauza nini tena?

Nimejaribu kumbana Waziri. Nimemwambia nionyeshe risiti. Akaniambia ziko, akaimba wimbo, akatengeneza chai. Jana nilimfuata mpaka chumbani, akafunga mlango kwa haraka, nikasikia droo inasukumwa. Na jambo la ajabu, Kaka: tangu mwezi uliopita hakuna hata bahasha moja iliyoingia nyumba hii. Si bili, si tangazo, si kadi. Nikimuuliza anasema nchi nzima haiandikiani siku hizi. Nikacheka. Baadaye nikajiuliza nimecheka nini.

Ningekwenda mwenyewe shirika la umeme, lakini nitawaambia nini? Naogopa kuwaita watu ninaowakimbia.

Lile bomba nalo limezidi. Nje bomba lilikuwa linavuja karibu na ukuta, mwenye nyumba akamleta fundi, akakata kipande kibovu akaweka cha plastiki, cha bluu, kizuri. Maji hayavuji tena. Lakini tangu siku hiyo halitekenyi, linauma. Juzi Mrefu alilishika akaachia ndoo ikamwagikia miguuni, akakaa sakafuni anatetemeka, hawezi kusema. Nimemkataza kuoga bila kandambili. Na nimewafundisha wote kuligusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama ulivyonifundisha wewe nilipokuwa mdogo, kwamba umeme ukikaza misuli mkono uondoke wenyewe badala ya kung'ang'ania. Waziri ananiita Mhandisi sasa. Kwa hiyo hilo usilitie moyoni, nimelidhibiti.

Furaha yangu ni moja. Mama anakuja! Ijumaa hii tarehe 22 anashuka na basi, Jumatatu ana kliniki ya macho, atalala kwangu siku hizo zote. Nimeazima godoro. Nimemwambia kwa simu ya jirani kwamba bafu letu linataka kandambili, akanijibu unavyomjua: kuoga na viatu ni sawa na kulala na mwavuli, yeye ataoga kama alivyozaliwa. Nitamtekea maji mwenyewe nikiwepo.

Tafadhali niandikie kabla hajafika. Niambie nifanye nini kuhusu lile jina. Naogopa sana, Kaka.

Mdogo wako,
Chiriku


Alhamisi, 21 Machi
Kambini

Kwako Waziri,

Hunijui. Mimi ni kaka yake Chiriku. Bahasha hii nimeiandika jina lako kwa makusudi, na nimeipamba kwa wino wa rangi ili isifanane na bili, kwa sababu ninaamini bahasha zote zinazoingia kwenye kisanduku chenu unazitoa wewe na unazitia kwenye droo bila kuzifungua. Mbili kati ya hizo ni zangu.

Sikugombezi. Sina muda wa kukugombeza. Siku za chuo nami niliwahi kukaa na mwenzangu aliyeficha bili chini ya godoro. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. Kwa hiyo nakuomba, kwa hofu yako hiyohiyo, soma mpaka mwisho.

Bomba lenu la bafuni lina umeme. Fundi uliyemleta ndiye aliyeutia. Zamani ulikuwa unashuka ardhini, lakini sasa fundi bomba amekata chuma akaweka plastiki, na umeme hauna tena pa kushukia. Mtu aliyelowa, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, akilishika bomba hilo wakati pasi au jiko limewashwa, atakufa. Sisemi anaweza kufa. Na ujanja wa mgongo wa mkono niliomfundisha mdogo wangu ni upuuzi wa mafundi vijana, najuta kuufungua mdomo.

Mama yangu anafika kwenu kesho. Ana shinikizo la damu na miguu yake haijui kandambili.

Nimeomba kushuka na lori, msimamizi amekataa mpaka Jumatatu. Waya uko nusu hewani na mimi ndiye ninayeushika upande huu. Nikiuachia, utawaangukia walio chini. Nimempa dereva namba ya Mama, lakini Mama huizima simu akaifunga kwenye leso ili chaji isiishe. Nimempa na namba ya shirika la umeme, ila lori halifiki penye mtandao kabla ofisi hazijafungwa, na ile ya dharura huita mpaka ikakatika yenyewe. Dereva ameapa atamkabidhi mtu wa posta bahasha hii mkononi usiku huohuo. Kwa hiyo kuna wewe tu. Katika dunia nzima, nimebaki na wewe.

Ukiisoma hii, usiiweke popote. Inuka. Kama kuna mtu bafuni, usiingie ukamshika, usimvute. Mwambie asiguse chuma, aache kila kitu kama kilivyo, atoke. Zimeni pasi, zimeni jiko, chomoeni kila kitu. Kisha waite watu wa umeme, uwaambie ukweli.

Kama umechelewa, niandikie wewe. Usimwachie Chiriku kazi hiyo.

Kaka yake Chiriku


Jumatatu, 25 Machi

Kwako Kaka wa Chiriku,

Shikamoo. Mama yako ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umeruka salamu ukatafuta mstari huu.

Chiriku yuko kliniki naye, kwa hiyo barua hii naiandika mimi. Aliniambia niiandike mimi. Hasemi nami zaidi ya mambo ya lazima, na ana haki.

Ni kweli kuhusu droo. Huwa natoka Jumamosi mapema kabla wenzangu hawajaamka vizuri, nafungua kisanduku, nasukumia kila kitu ndani ya kanga, nakwenda kukifungia. Sisomi. Nikiona dirisha lile dogo la bahasha, lenye jina limechapwa, naigeuza chini haraka. Nilianza kwa kulipia ada yangu kwa pesa ya umeme, nikasema nitairudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikachukua ya maji. Nikawa nachekesha watu ili wasiniulize. Yule bwana wa ngazi aliniambia atatutengenezea umeme usio na bili, nikamwona malaika. Barua zako mbili nilizitia humo pamoja na zile nyingine. Nimezisoma jana.

Jumamosi nikakuta bahasha ina jina langu kwa wino wa zambarau. Kaka, mimi sijawahi kuandikiwa barua isiyonidai kitu. Nikaifungua palepale getini, natabasamu kama mjinga.

Nilipofika pale unaposema una barua mbili kwenye droo yangu, mkono ulianza kuikunja. Sikuuambia. Ulikuwa unaikunja wenyewe, nusu, na nusu tena, kama unavyofanyaga kila Jumamosi. Nakwambia hili kwa sababu kwa siku mbili sasa sifikirii kingine. Ungeniandikia kwa ukali kidogo tu, nisingefika mbele. Lakini ulisema hunigombezi, nikaikunjua.

Nikasoma mstari wa Mama. Nikasikia maji.

Chiriku alikuwa ametoka kwenda kumshikia Mama namba ya kliniki, maana usipoandikisha Jumamosi, Jumatatu hupati. Alikuwa amemwachia ndoo imejaa. Lakini Mama alikuwa amefua kanga yake kwanza, ndoo ikaisha, akafungua tena bomba. Mrefu alikuwa sebuleni anapiga pasi. Nilimpigia kelele achomoe, akasema subiri kola. Subiri kola! Nikapita mbio.

Mlango wa bafu haukufungwa. Mama amesimama na kanga kifuani, miguu mitupu ndani ya maji, ndoo inamwagika, naye anainama kulifunga bomba. Lilikuwa limefunguliwaje bila kumpiga? Aliniambia baadaye kwamba alilifungua kwa ncha ya kanga kavu kwa sababu lilikuwa linateleza kwa sabuni. Wakati ule kanga ilishalowa, na mkono ulikuwa mtupu.

Nikasema, "Mama, usifunge bomba!"

Akanigeukia. Mkono uko pale, umbali wa kiganja hivi. Akasema, "We mtoto una wazimu? Maji yote haya yanamwagika, nani atalipa?"

Ningeweza kusema umeme. Ningeweza kusema utakufa. Sijui kwa nini sikusema. Nikamwambia, "Nitalipa mimi, Mama. Yaache. Nitalipa mimi."

Kaka, katika nyumba ile hakuna mtu ambaye angeliamini neno hilo. Chiriku angecheka. Mrefu angecheka. Hata mwenye nyumba angecheka. Lakini Mama alikuwa amefika usiku wa jana yake, na alikuwa hanijui bado. Akanitazama tu, akasema, "Haya, kama utalipa," akarudisha mkono, akatoka anapangusa uso na kanga.

Nikakaa chini pale mlangoni. Mama akadhani nimeanguka, akawa ananipepea yeye mimi.

Nilikwenda kwa jirani nikapiga simu shirika la umeme, nikataja jina langu, si la Chiriku. Walikuja mchana. Mmoja wao alilipima bomba Mrefu akiwa amewasha pasi kwa maagizo yake. Alikitazama kipimo chake, akakitikisa, akapima tena. Kisha akavua kofia, akauliza mnaoga humu? Wamekata kwenye nguzo, na nyumba ina giza. Faini ni kubwa kuliko nilivyowahi kuwaza. Nimeandika maelezo kwamba fundi nilimleta mimi na pesa nilikula mimi, nikasaini. Wamesema wataniita. Sijui watakaponiita itakuwaje, na naogopa, lakini ni woga ambao angalau nalijua jina lake.

Droo nimeifungua mbele ya wenzangu. Chiriku alipoziona barua zako alikaa kitandani akazishika mapajani, asizifungue. Baadaye alikwenda bafuni akasimama mlangoni peke yake muda mrefu sana. Alikuwa amemfundisha Mama ule ujanja wa mgongo wa mkono, usiku ule alipofika. Mama alimwambia hana muda wa kubembeleza bomba.

Mama ameelezwa kila kitu. Chiriku alimweleza akilia. Alisikiliza, usiku akahamishia godoro lake karibu na la Chiriku wakalala wameshikana mikono, nimewaona. Kwangu hakusema neno la ukali. Asubuhi hii, wakati wanatoka kwenda kliniki, aliniita pembeni nikajua sasa limefika. Aliniuliza kama nimeshakwenda kuyalipa yale maji.

Nikamwambia ndiyo naenda, Mama.

Basi niko hapa ofisi ya maji, kwenye foleni, karatasi nimeiegemeza kwenye mgongo wa mtu aliye mbele yangu, ameniruhusu. Nimeuza redio yangu. Dirisha limefunguliwa sasa na wanaita wa kwanza.

Waziri